Gari inatetema: jua mtetemo unatoka wapi kabla hujanunua spea

"Fundi, gari yangu inatetema." Maneno haya naletewa kila wiki, kwa simu, kwa ujumbe, na mara nyengine nikiwa nimesimama njiani tu Mwanakwerekwe. Nami humrudishia mtu suali moja: inatetema lini? Wengi hunyamaza hapo. Wanajua inatetema, lakini hawajatazama ni wakati gani, na wengine wanapokuja kwangu wameshanunua mauntingi tatu na wameshazifunga.

Mauntingi ni vile vipande vya mpira vinavyoishika injini kwenye bodi ya gari. Huonewa sana. Injini ikitikisika kwa sababu nyengine yoyote, mauntingi ndiyo inayoonekana kucheza, basi ndiyo inayohukumiwa. IST yangu mwenyewe ilibadilishwa mauntingi mbili kwenye gereji moja, mtetemo ukapungua siku chache kisha ukarudi vile vile. Sababu ilikuwa soketi ya waya wa koili (kile kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya pili, imeota kutu ya kijani kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Kuisafisha kulichukua dakika kumi. Mpira niliokuwa nimeulipia haukuwa na kosa lolote.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu asiyekuwa fundi, mwenye gari ya petroli ya namna tunazoziona Unguja na Pemba: Vitz, IST, Noah, Rav4, Alphard na jamaa zao zilizokwishatumika Japani. Utakuwezesha kujua tatizo liko wapi. Kulitengeneza, mengine utaweza mwenyewe, mengine utampelekea fundi, lakini utakwenda ukijua unachokwenda kufanya.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Kuna mtetemo unaofuata mzunguko wa injini, na kuna mtetemo unaofuata mwendo wa gari. Ukilishika hili, nusu ya kazi umeimaliza.

Injini ya silinda nne (vile vyumba petroli inamoungulia) iliyopata moto, ikiwa kwenye sailensa (yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta), huzunguka kiasi cha mara 750 kwa dakika. Hapo inapiga mapigo 25 kwa sekunde, yamefuatana sawasawa, na mwili wako hauyatambui moja moja. Silinda moja ikilala, yaani petroli haiwaki ndani yake, kila baada ya mapigo matatu linakuja pengo, mara sita hivi kwa sekunde. Hilo unalihisi mpaka kwenye meno. Mafundi huita injini kumisi. Tairi nayo, gari ikiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, inazunguka kama mara 11 au 12 kwa sekunde. Ikiwa ina uzito upande mmoja, hupiga ngumi usukani mara hizo hizo. Ukisimama, tairi imesimama, na mtetemo wake hauwezi kubaki.

Vitu vya kutayarisha

- Daftari na kalamu. Usicheke, hiki ndicho chombo cha kwanza.
- Tochi nzuri.
- Soketi ya kufungulia boliti namba 10, rachi na ekstenshini ndefu.
- Soketi ya kufungulia plagi. Toyota nyingi ni 16. Baadhi ya injini mpya ni 14. Tafuta yenye mpira ndani, ili ikamate plagi wakati wa kuitoa.
- Kabari mbili za mbao, au mawe mawili mazuri, za kuzuia tairi.
- Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, cha kusikilizia.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme, na mswaki mkavu.
- Kipimo cha upepo wa tairi.
- Kama unacho, kidude cha kusomea kodi za injini (namba za hitilafu) kinachounganishwa na simu.
- Mtu wa pili anayejua kuendesha, na anayekusikiliza.

Tahadhari, zisome kabla hujafungua boneti

Fanya kazi nje, penye upepo. Moshi wa petroli ndani ya banda lililofungwa unaua, na ile gesi yake inayoua haina harufu ya kukuonya mapema.

Kanzu ikunjwe na kufungwa kiunoni, mtandio ufungwe kwa nyuma, saa na pete zivuliwe. Belti haikupi nafasi ya pili. Feni ya umeme ya rejeta nayo inaweza kuanza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa.

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Na usisimame mbele wala nyuma ya gari wakati mtu ameweka gia, hata kama amekuapia kwamba ameshika breki.

Hatua ya 1: Andika tabia ya mtetemo

Endesha gari siku mbili tatu kama kawaida yako, na kila inapotetema, ukishasimama salama, andika. Injini ilikuwa baridi au imepata moto? Gari imesimama au inakwenda, na kwa mwendo gani? Gia ilikuwa P, N, D au R? AC imewashwa au imezimwa? Umekanyaga mafuta, umeachia, au umekanyaga breki? Na unausikia wapi zaidi: usukani, kiti, sakafu au dashibodi?

Andika pia kilichotokea kabla haujaanza. Umetia mafuta wapi? Gari imeoshwa injini? Umepita kwenye maji? Wakati wa masika njia zetu hujaa, na mtu hupita maji yamefika katikati ya tairi, gari ikaanza kumisi siku ya pili, akaja kuniambia imeanza tu yenyewe.

Kosa la wengi hapa ni kuandika "inatetema sana". Hiyo haisaidii. Andika hivi: "Imepata moto, imesimama kipilefti cha Amani, D, AC imewashwa, kiti kinatikisika. Nikiweka N inapungua." Mtu akinipa mstari kama huo, ninajua pa kuanzia kabla sijaiona gari.

Hatua ya 2: Tenga injini na magurudumu

Kama gari inatetema ikiwa imesimama, magurudumu hayahusiki. Nenda hatua ya 4.

Kama inatetema ikiwa inakwenda tu, tazama kishale cha mizunguko ya injini wakati mtetemo unapokuja. Tuseme kinaonyesha 2,500. Rudi nyumbani, simamisha gari, weka P, kaza breki ya mkono, kisha kanyaga mafuta taratibu mpaka kishale kifike 2,500 hiyo hiyo. Ikitetema, tafuta kwenye injini, belti, mauntingi au bomba la moshi. Isipotetema, shuku magurudumu, shafti za magurudumu, au injini inayozidiwa ikibeba mzigo.

Kipimo chengine ni kuichukua gari kwenye njia iliyonyooka na isiyo na watu, kama ile ya kwenda Tunguu alfajiri, na mtetemo ukija ukaitoa D na kuiweka N kwa sekunde chache, mikono miwili kwenye usukani. Mtetemo ukiendelea vile vile na injini imeshuka kwenye sailensa, ni magurudumu. Usizime swichi katu gari ikiwa inakwenda: usukani utakuwa mgumu na breki zitapoteza nguvu. Kama hujazoea gari yako, kiache kipimo hiki, kile cha kwanza kinatosha.

Pemba mna bahati ya vilima. Injini iliyo na silinda dhaifu inaweza kujificha kwenye njia tambarare za Unguja, lakini ikipanda mlima kati ya Chake na Wete itajisema yenyewe: inavuta kwa kusitasita na mtetemo unazidi kila unavyokanyaga.

Hatua ya 3: Ikiwa ni magurudumu

Anza na matope. Nasema kweli. Mtu ametoka shamba penye udongo wa kinamo, tope limeganda ndani ya rimu, limekauka, na sasa usukani unatikisika kuanzia kilomita 70. Ingia chini na tochi, tazama upande wa ndani wa kila rimu, kwangua na osha. Hii ni bure.

Kisha pima upepo wa tairi zote nne, tairi zikiwa baridi, na ulinganishe na karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pitisha kiganja juu ya tairi na ubavuni: ukikuta uvimbe, tairi hiyo si ya kupimwa tena, ni ya kutolewa leo. Tazama na umri wake. Ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. 2316 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari nyingi hutufikia na tairi zenye meno mazuri lakini mpira umeshakuwa mkavu.

Usukani ukitikisika, anza na tairi za mbele. Kiti kikitikisika, za nyuma. Ikitetema ukikanyaga breki tu, ni diski za breki. Ikitetema ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, shuku jointi za ndani za shafti za mbele. Haya yakifika hapa, peleka gari kwenye mashine ya balansi (ya kusawazisha uzito wa tairi), na kama ni shafti au beringi, kwa fundi.

Hatua ya 4: Soma taa na kodi

Gari imesimama na inatetema. Taa ya injini ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi imewaka?

Ikiwa inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, huku injini inatikisika, acha kuiendesha. Inakwambia kwamba silinda inamwaga petroli isiyoungua kwenye bomba la moshi, na petroli hiyo inakwenda kuungulia ndani ya katalisti (kile kisafisha moshi kwenye bomba) na kuiharibu kwa joto. Katalisti ni ghali kuliko koili zote nne pamoja.

Ukiwa na kidude cha kusomea, kichomeke kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva. P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0171 ina maana hewa imezidi petroli, na mara nyingi hutupeleka kwenye mipira iliyopasuka, hatua ya 8. Kwenye Toyota nyingi za injini iliyolala ubavu, silinda ya kwanza ni ile ya upande wa belti.

Baadhi ya gari za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi hiyo lakini hazisomani na vidude vya bei nafuu. Kisiposoma, usidhani gari ni mbovu wala kidude ni kibovu. Endelea na hatua ya 5, mikono yako inatosha.

Na usifute kodi kabla hujaiandika.

Hatua ya 5: Tafuta silinda iliyolala

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu kipimo chenyewe hakina gharama na jibu lake halina ubishi.

Toa kifuniko cha plastiki juu ya injini. Utaona koili nne zimepangana, kila moja ina soketi ya waya. Chini kidogo zipo nozeli zinazopuliza petroli, nazo zina soketi zake. Tutatumia soketi za nozeli, maana tukikata petroli hakuna kinachomwagika bila kuungua.

a) Injini ikiwa ya moto na imezimwa, chomoa soketi ya nozeli ya silinda ya kwanza. Bonyeza ulimi wake kwanza, usivute waya.

b) Washa injini. Sikiliza na uhisi kwa sekunde kumi, si zaidi. Mtetemo umezidi, au uko vile vile?

c) Zima, rudisha soketi, nenda ya pili. Fanya hivyo mpaka ya nne.

Silinda nzima ukiichomoa, injini itatikisika zaidi, maana umeitoa mfanyakazi. Silinda iliyolala ukiichomoa, hakuna kinachobadilika: ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Iandike namba yake.

Zikiwa zote nne zinaleta tofauti sawasawa, basi hakuna silinda iliyolala. Nenda hatua ya 8.

Kipimo hiki kitawasha taa ya injini, usishtuke. Kwenye gari nyengine nozeli zimejificha chini ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) na mkono haufiki. Hapo utatumia soketi za koili kwa njia ile ile, injini ikiwa imezimwa wakati wa kuchomoa, na usizidishe sekunde tano. Usishike koili injini ikiwa inawaka. Umeme wake ni wa maelfu ya volti, na mkono uliolowa jasho unaupa njia.

Ikiwa gari yako ni Vitz au Passo ya lita 1.0 yenye injini ya 1KR-FE, ujue ina silinda tatu tu. Mtetemo mdogo kwenye sailensa ni maumbile yake. Usitafute silinda ya nne, na usitumie pesa kuiponya ugonjwa isionao.

Hatua ya 6: Hamisha koili

Tuseme iliyolala ni ya pili. Injini imezimwa na imepoa. Fungua boliti ya namba 10 ya koili ya pili, izungushe kidogo kushoto na kulia, ivute juu. Kabla ya yote, mulika tochi ndani ya shimo ilimotoka.

Kuna maji? Hii hutokea sana kwetu. Gari imeoshwa injini kwa mashine ya presha, au imepita kwenye maji ya masika, na shimo la plagi limekuwa kisima. Yafyonze kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, au yapulizwe kwa kompresa, mpaka pakauke kabisa. Usifungue plagi kabla ya hapo, kwa sababu maji na mchanga vyote vitaingia ndani ya silinda, na tatizo la bure litakuwa tatizo la injini nzima.

Kuna oili? Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imechoka. Ifyonze pia, na upange kuibadilisha.

Tazama na soketi ya waya. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba, khasa kwa gari zinazolala karibu na pwani, Nungwi, Paje, Jambiani. Ukiona kijani au weupe kama unga, puliza dawa, sugua kwa mswaki, acha ikauke. Tazama na waya wenyewe, panya hupenda joto la injini na wana meno.

Sasa funga koili ya pili kwenye silinda ya tatu, na ya tatu kwenye ya pili. Rudia kipimo cha hatua ya 5. Ulalaji ukihamia silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ukibaki silinda ya pili, koili ni nzima, endelea.

Ninakusisitizia: nunua moja. Kuna watakaokwambia ubadilishe zote nne. Kama gari imetembea sana na pesa ipo, ni uamuzi wako, lakini usiambiwe kwamba ni lazima.

Hatua ya 7: Zitoe plagi uzitazame

Injini iwe baridi. Ukifungua plagi kwenye kichwa cha alumini kilichopata moto, nyuzi zake zinaweza kutoka nayo.

Toa zote na uzipange kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi, petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye kung'aa kwa oili, oili inaingia ndani ya silinda. Nyeupe kama chokaa, inapata joto kupita kiasi. Iliyolowa petroli, petroli inakuja lakini haiwashwi. Mstari mwembamba mweusi kwenye kauri nyeupe ni ufa au njia ya umeme kuvuja, plagi hiyo haifai tena.

Hamisha plagi ya pili uipeleke ya nne, kama ulivyofanya kwa koili. Ukiirudisha, ianze kwa vidole na ekstenshini bila rachi, izunguke yenyewe mizunguko kadhaa. Ikigoma, itoe uanze upya. Kuvuka nyuzi za plagi ni kosa ambalo nimeliona likimgharimu mtu kichwa cha injini, na lilitokana na haraka tu.

Jihadhari na plagi za bandia, zimejaa sokoni. Ukinunua mpya, linganisha urefu wa nyuzi zake na ya zamani kabla ya kuifunga.

Hatua ya 8: Hewa na sailensa

Ikiwa silinda zote zinafanya kazi lakini injini inatikisika kwenye sailensa tu, na ukikanyaga mafuta kidogo inatulia, tazama upande wa hewa.

Kishale cha injini iliyopata moto kinapaswa kukaa baina ya 600 na 800. Kikianguka chini ya 600 ukiweka D au ukiwasha AC, throto bodi (mlango wa hewa ya injini) ina uchafu mara nyingi. Fungua bomba la hewa, mulika. Utaona masizi meusi pembezoni mwa kile kisahani kinachofungua na kufunga hewa. Zima swichi, utoe ufunguo, futa kwa kitambaa kilicholowa dawa ya throto. Kwenye gari za throto ya umeme usikisukume kisahani kwa nguvu, utavunja gia zake ndogo za plastiki. Baada ya kusafisha, sailensa inaweza kuwa juu kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya. Iache ingurume dakika kumi, AC imezimwa kisha imewashwa, na uiendeshe.

Kisha sikiliza. Weka ncha moja ya kipande cha mpira sikioni, na nyengine uipitishe kando ya mipira myembamba ya hewa inayotoka kwenye manifoldi, mbali na belti. Ukisikia mfyozo mkali mahali pamoja, hapo pamepasuka. Wapo wanaopuliza dawa ya kabureta kwenye injini inayowaka ili kusikia itakavyobadilika. Dawa hiyo inashika moto. Mimi sifanyi, nawe usifanye.

Eya klina (kichujio cha hewa) iliyojaa vumbi itazame hapo hapo, dakika moja inatosha.

Hatua ya 9: Sasa njoo kwenye mauntingi

Ikiwa silinda ni nzima, sailensa iko sawa, na bado gari inatetema kwenye D au R kuliko kwenye N, hapo mauntingi ina kesi ya kujibu.

Weka kabari mbele na nyuma ya tairi. Mtu wa pili akae kwenye usukani, akaze breki ya mkono, akanyage breki ya mguu kwa nguvu zake zote. Wewe simama ubavuni. Aweke D, akanyage mafuta kidogo kwa sekunde mbili, aachie, arudi N, aweke R, afanye vivyo hivyo. Tazama injini. Kujipinda kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka zaidi ya upana wa vidole viwili, au ikigonga kwa kishindo, mauntingi moja imekatika. Mulika kila moja: ufa katika mpira, mpira uliobanduka kwenye chuma, au majimaji meusi yanayovuja. Nyengine zina majimaji ndani, yakishatoka kazi yake imekwisha.

Usikubali kujaziwa kipande cha tairi kuukuu mahali pa mpira wa mauntingi. Mpira huo ni mgumu, unaipeleka tetemo yote kwenye bodi, na mauntingi zilizobaki zinabeba mzigo usio wao.

Hatua ya 10: Belti, puli na bomba la moshi

Injini ikiwa inanguruma, simama ubavuni na mulika puli ya krenki (ile inayozungusha belti) kutoka mbali. Ikiyumba kushoto na kulia badala ya kuzunguka mahali pamoja, mpira wake wa katikati umeachia, na inaweza kutoka. Usiendelee kuiendesha.

AC ukiiwasha na mtetemo ukaja na sauti ya kukwaruza, shuku kompresa au beringi yake.

Kwa bomba la moshi, ingia chini gari ikiwa baridi, litikise kwa mkono. Likigusa bodi, au mpira wake wa kuning'inia umekatika, umepata. Chumvi hula pia yale mabati ya kuzuia joto. Yakilegea hutoa mlio unaodhaniwa ni wa injini.

Umemaliza yote na bado?

*Silinda moja imelala, koili nzima, plagi nzima.* Tumia mpira wako wa kusikilizia kwenye nozeli, ncha ikiwa mbali na belti. Nozeli nzima inapiga tik-tik-tik. Isiyolia haipati umeme au imekwama. Ikiwa inalia, mwambie fundi apime kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Silinda zote zinatakiwa zikaribiane. Moja ikipungukiwa zaidi ya bar 1 hivi na wenzake, tatizo ni vali, ringi au gasketi ya kichwa.

*Inamisi asubuhi, ikipata moto inatulia, na maji ya rejeta yanapungua.* Usiipuuze hata siku moja. Maji yanaweza kuwa yanaingia ndani ya silinda usiku kupitia gasketi ya kichwa.

*Imeanza baada ya kujaza mafuta.* Shuku maji ndani ya petroli, khasa ikiwa ulinunua ya madumu wakati mafuta yamekuwa adimu. Usiendelee kukanyaga ukitaraji yatakwisha. Tangi limwagwe, na petroli safi itiwe.

*Inamisi mvua ikinyesha tu.* Rudi kwenye soketi za koili na waya wa arthi wa injini (unaoiunganisha na bodi). Fungua boliti ya arthi, sugua mpaka chuma king'ae, rudisha.

*Mtetemo uko vile vile ikiwa N na ikiwa D, silinda zote nzima.* Fundi anaweza kutoa belti na kuiwasha injini kwa muda usiozidi dakika moja. Mtetemo ukipotea, tatizo ni kitu kinachozungushwa na belti. Kwenye injini nyingi belti hiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji, ndiyo maana hakuna kuiacha ingurume. Kabla ya kuitoa, ipigwe picha namna ilivyopita.

*Inagonga kwa sauti nzito, kama nyundo ndani ya ngoma.* Zima. Pima oili kwa kijiti. Hata ukikuta imepungua na ukaongeza, usiiwashe tena kuijaribu. Iburutwe mpaka gereji.

Ukifika kwa fundi, mpe lile daftari kabla ya ufunguo. Mwambie silinda ipi imelala, koili ipi umeihamisha kwenda wapi, na kishale kilikuwa kwenye ngapi. Mwombe akuonyeshe kwa macho kila kitu anachotaka kubadilisha, na ile spea ya zamani akurudishie mkononi.